Kitabu cha Kiswahili Nacho Kinahesabiwa

Swali nililoulizwa mara nyingi zaidi na wazazi wenzangu kiangazi kilichopita halikuwa la zawadi wala la ratiba. Lilikuwa hili: "Dada, mtoto akisoma kitabu cha Kiswahili, wanamhesabia?" Niliulizwa hapa Louisville ninakoishi, nikaulizwa Columbus kwa mdogo wangu, nikaulizwa tena Buffalo na mama mmoja aliyekuwa akijaza fomu huku mtoto amelala mgongoni ndani ya kitenge.

Nami nikaenda kuuliza kaunta kwa kaunta. Jibu nililopewa lilikuwa moja: wanamhesabia. Lugha yoyote inahesabiwa. Kusomewa kunahesabiwa, hata kama mtoto bado hajui herufi. Kusikiliza kitabu cha sauti ndani ya gari kunahesabiwa. Vitabu vya katuni, ambavyo wengi wetu tunavifukuza nyumbani tukidhani si usomaji, navyo vinahesabiwa. Mkutubi mmoja aliniangalia kama mtu aliyeulizwa iwapo chapati ni chakula.

Kwa aliyefika juzi na hajakutana na mambo haya, nieleze kidogo. Shule zikishafungwa, maktaba za umma za nchi hii huendesha programu ya usomaji wa kiangazi. Unamwandikisha mtoto, anapewa karatasi au anafunguliwa ukurasa wake kwenye simu, kisha anaweka alama kila asomapo. Kuna maktaba zinazohesabu vitabu, nyingine dakika, nyingine siku. Akifikia lengo anarudi kuchukua zawadi, na mara nyingi zawadi yenyewe ni kitabu cha kubaki nacho. Watu wazima nao wana karatasi yao, jambo ambalo akina baba wengi hawalijui. Yote ni bure. Katikati ya wiki kuna matukio: msimuliaji wa hadithi, mtu wa mazingaombwe, fundi wa vibaraka, mchana wa kuchora. Maktaba nyingi za majimbo mbalimbali hukubaliana mada moja ya mwaka. Ya 2025 ilihusu rangi na sanaa, ndiyo maana ukisafiri unaweza kukuta mabango yanayofanana kama ya kampeni ya uchaguzi.

Jambo lenyewe si la jana. Wakutubi wa Cleveland, huko huko Ohio, walikuwa wakiwaandikisha watoto katika vyama vya usomaji tangu miaka ya 1890. Na mwaka 1978 mtafiti Barbara Heyns alichapisha kitabu kuhusu wanafunzi wa Atlanta, akaonyesha kwamba watoto waliosoma vitabu wakati wa likizo walisonga mbele kimasomo kuliko wenzao, wawe wa familia yenye uwezo au isiyo nao. Sisi wazazi wa zamu za usiku tunaweza kuchukua neno hilo kama lilivyo. Hatuna fedha za kambi za kiangazi za dola mia kadhaa kwa wiki. Maktaba tunaiweza.

Lakini mimi nililifuatilia swali la Kiswahili kwa sababu nyingine, na nadhani nyumba nyingi zinaijua. Mwanangu wa pili ana miaka saba. Anasikia Kiswahili chote, hata cha kunong'onezana jikoni, ila anajibu kwa Kiingereza. Mama yangu akipiga simu kutoka Kigoma, mimi ndiye ninayekuwa mkalimani kati yake na mtoto niliyemzaa mwenyewe. Bibi anasema, namgeuzia mtoto. Mtoto anasema, namgeuzia bibi. Siku moja mama akauliza, "Sasa na mimi nikifa nitamwachia nani maneno yangu?" Alisema kwa utani, kama kawaida yake, lakini simu ilipokatika nilikaa nayo mkononi muda mrefu.

Iroquois, Ali na tawi la Western

Hapa Louisville Waswahili wengi tuko upande wa kusini, na tawi letu ni la Iroquois. Ukiingia mchana unasikia Kiswahili cha Kongo, Kisomali, Kihispania, Kiarabu, Kinyarwanda, na Kiingereza cha kila namna. Tawi hilo lina klabu ya mazungumzo ya Kiingereza kwa watu wazima, na nimeona baba akifanya mazoezi yake chumba kimoja wakati watoto wanasimuliwa hadithi chumba cha pili. Kadi nilipochukua yangu nilionyesha kitambulisho na barua yenye anwani. Hakuna aliyeniuliza habari za viza. Nalisema hili kwa sababu wapo majirani waliokaa miaka miwili wakiikwepa maktaba wakidhani ni ofisi ya serikali inayokusanya majina.

Kiangazi kuna kitu kingine cha kuulizia katika matawi ya hapa: Cultural Pass, kadi inayowaingiza watoto na vijana hadi miaka 21 bure kwenye majumba ya makumbusho na vituo vya sanaa mjini. Orodha ya mahali hubadilika kila mwaka, kwa hiyo soma ya mwaka husika kabla ya kuwapanga watoto mlangoni. Sisi tulikwenda Kituo cha Muhammad Ali, kwa kuwa Ali ni mtoto wa mji huu, amezaliwa hapa mwaka 1942. Tuliongozana na mzee mmoja jirani yetu, mzaliwa wa Uvira. Alipofika kwenye habari za pambano la Kinshasa la Oktoba 1974, lile la Ali na George Foreman, mzee alisimama, akavua kofia, akaanza kuwasimulia watoto kwa Kiswahili jinsi redio ilivyosikilizwa mtaani kwao usiku ule, watu wamekaa chini hadi karibu na mapambazuko. Watoto wa watu wengine wakasogea, wasioelewa hata neno. Mwanangu akawa anawatafsiria. Sikutia neno.

Tukirudi nyumbani binti yangu mkubwa, ambaye ana kumi na mbili, aliandika kwenye karatasi yake dakika thelathini za "kusikiliza". Nilimwachia.

Niseme pia habari ya tawi la Western, kwa sababu kila nikiwaeleza wenzangu wanashangaa. Mwaka 1905, wakati Mweusi wa kusini mwa Marekani hakuruhusiwa kuketi maktaba moja na Mweupe, mji huu ulifungua tawi la watu Weusi katika vyumba vya kupanga vya nyumba ya mtu. Mwaka 1908 likahamia jengo lake lililojengwa kwa fedha za Carnegie, na hadi leo limesimama pale pale mtaa wa Chestnut. Linatajwa kuwa maktaba ya kwanza ya umma nchini kuhudumia watu Weusi na kuendeshwa na Weusi wenyewe. Mkuu wake alikuwa Thomas Fountain Blue, ambaye baadaye alianza kuwafundisha kazi ya ukutubi vijana Weusi waliotoka miji mingine ya kusini, kwa sababu hapakuwa na mahali pengine pa kuwapokea. Na mshairi Joseph S. Cotter, mwalimu mkuu wa shule, alianzisha hapo mashindano ya watoto ya kusimulia hadithi. Kombe lilikuwa la mtoto anayesimulia vizuri, kwa mdomo.

Nilipolisoma hilo nilijikuta nacheka peke yangu. Sisi tunaona haya kwamba kwetu hapakuwa na rafu za vitabu, kulikuwa na "Paukwa!" na "Pakawa!" tu. Kumbe hapa hapa Louisville, zaidi ya miaka mia moja iliyopita, kusimulia kulikuwa kazi halali ya maktaba, tena ya kushindaniwa kombe.

Kwa wapenzi wa vitabu wakubwa, kuna tamthilia za Shakespeare zinazochezwa bure jioni za kiangazi kwenye bustani ya Central Park. Chukua mkeka na chakula. Mimi huwa nawaambia Watanzania wenzangu wasiogope Kiingereza cha zamani, wamsome kwanza Mwalimu. Nyerere alimtafsiri Juliasi Kaizari mwaka 1963 na Mabepari wa Venisi mwaka 1969, akiwa na nchi nzima ya kuongoza mezani. Ukishasoma Mabepari, ukakaa kwenye nyasi pale, hata usiposhika neno moja kati ya matatu utajua nani anamdai nani.

Njiani

Kutoka Louisville hadi Columbus ni barabara moja, I-71, kupitia Cincinnati, mwendo wa saa tatu na kitu. Kutoka Columbus unaendelea nayo hadi Cleveland, halafu unashika I-90 kando ya Ziwa Erie mpaka Buffalo, saa tano nyingine ukisimama kidogo. Nilikuwa na wiki mbili za likizo, watoto wawili, na gari lisilo na redio nzima.

Kabla ya safari nilimwomba mama yangu anirekodie ngano kwa WhatsApp, moja kila siku akipata nafasi. Alikataa kwanza, akasema sauti yake imezeeka. Siku ya tatu ikaja ya kwanza, Sungura na Fisi, dakika nne, na jogoo anawika nyuma. Zikafuata nyingine tisa. Tulizisikiliza zote kati ya Cincinnati na Cleveland. Ya Fisi aliyekwenda karamu mbili kwa wakati mmoja tuliirudia mara tano kwa amri ya mtoto wa miaka saba. Mahali fulani karibu na mpaka wa Pennsylvania alisema kutoka kiti cha nyuma, "Fisi amekuwa mjinga sana." Kiswahili, sentensi nzima. Dada yake akanitazama kwenye kioo, tukakausha nyuso wote wawili, tusije tukamwamsha.

Columbus: wazi kwa wote

Maktaba kuu ya Columbus iko barabara ya Grant, jengo la mawe la 1907, nalo ni la fedha za Carnegie. Juu ya mlango yamechongwa maneno yanayosema iko wazi kwa wote. Nimeona majengo mengi yenye maneno mazuri juu ya mlango. Hili lilifanya jambo: tarehe 1 Januari 2017 mfumo mzima wa maktaba za Columbus uliacha kutoza faini za kuchelewesha vitabu. Kitabu ukikipoteza kabisa, hilo ni suala jingine, utadaiwa. Kukichelewesha tu hakukuletei deni.

Faini ni jambo dogo kwa mwenye mshahara mzuri. Kwa jamii yetu ndilo lililofunga mlango. Mdogo wangu alinipeleka kwa jirani yake, baba wa watoto watano, aliyepita kambi ya Nyarugusu kabla ya kuja huku. Familia hiyo ilipokelewa kwanza mji mwingine, jimbo lingine. Watoto walichukua vitabu kumi na viwili, wakahama nyumba katikati, vitabu vikabaki kwenye masanduku, na barua ikaja inayotaja dola. Baba hakuelewa barua yote, alielewa tarakimu. Tangu siku hiyo alipiga marufuku kadi ya maktaba katika nyumba yake. "Nilikuja hapa na deni la tiketi ya ndege," alisema. "Nilikuwa nalipa kila mwezi. Sikutaka deni la karatasi za watoto." Nani wa kumlaumu? Waliokuja kwa mpango wa wakimbizi wanalijua deni la tiketi. Ni la kweli, na unaanza kulilipa ungali hujajua basi la kwenda kazini linapita wapi.

Mdogo wangu alimweleza habari ya 2017 mara tatu. Hakuamini. Aliamini siku mke wake alipokwenda tawi la Northern Lights, barabara ya Cleveland, akarudisha kitabu cha jirani kilichochelewa wiki tatu na kutoka mikono mitupu, bila karatasi yoyote. Sasa watoto wote watano wana kadi, na baba anaendesha gari kuwapeleka kila Jumamosi, ingawa nilisikia bado anavihesabu vitabu mlangoni wakati wa kuingia na wakati wa kutoka.

Upande huo wa mji una Wasomali wengi sana, na wengi kati yao wanakijua Kiswahili kwa sababu ya miaka ya Dadaab na Kakuma, au kwa sababu ni watu wa Barawa ambao Chimwini chao ni ndugu wa damu wa Kiswahili chetu. Kwa hiyo usimwone dada wa hijabu kwenye foleni ya vitabu ukaanza kusengenya kwa Kiswahili. Limemkuta mtu ninayemfahamu.

Jambo jingine la kuulizia, Columbus na miji mingine: chakula cha mchana. Kuna mpango wa shirikisho wa kulisha watoto kiangazi, na baadhi ya matawi ya maktaba ni vituo vyake. Kwenye vituo vya wazi mtoto yeyote wa miaka 18 kushuka chini anakula bila kuonyesha karatasi ya aina yoyote. Mzazi anayefanya kazi mchana akiwa na kijana mkubwa wa kuwasindikiza wadogo, hapo amepata kitabu na sahani mahali pamoja.

Mwenye kupenda sherehe kubwa aiweke katikati ya Julai kwenye kalenda. Tamasha la Vitabu la Columbus lilianza mwaka 2023, hufanyika maktaba kuu na kwenye bustani iliyo nyuma yake, ile yenye miti iliyokatwa ikawa watu, mbwa na mashua kwa kufuata mchoro maarufu wa Seurat. Kuingia ni bure, waandishi wanazungumza, vitabu vinauzwa chini ya mahema. Na siku yoyote ya mwaka lipo duka la Book Loft katika mtaa wa German Village, vyumba 32 vya vitabu vilivyoshikana kama nyumba za Mji Mkongwe. Niliwapoteza watoto humo robo saa nzima. Nilimkuta mkubwa amekaa sakafuni na riwaya ya Gurnah, amegeuza jalada la nyuma, akaniuliza kama ni kweli huyu mshindi wa Nobel ya 2021 ni mtu wa Zanzibar na kama anakijua Kiswahili. Nikamwambia ni lugha aliyozaliwa nayo, na kwamba Paradise sasa inasomwa kwa Kiswahili kwa jina la Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis iliyotoka Mkuki na Nyota. "Basi tukitafute hicho," akasema. Hapo dukani hakikuwepo.

Saba Saba kwenye nyasi

Tarehe 7 Julai ni Siku ya Kiswahili Duniani. UNESCO iliitangaza Novemba 2021, nayo ilichagua tarehe hiyo kwa kukumbuka mwaka 1954, TANU ya Nyerere ilipokitangaza Kiswahili kuwa chombo cha kupigania uhuru. Kwa Mtanzania ni Saba Saba, hahitaji kukumbushwa. Angalieni inapoangukia: katikati kabisa ya programu ya usomaji wa kiangazi. Sielewi kwa nini jumuiya zetu haziitumii zaidi. Tunafanya sherehe za uhuru za nchi tano tofauti, kila moja na ukumbi wake wa kukodi na mgogoro wake wa mwenyekiti, na hii moja inayotuhusu sote tunaipita kama kituo cha basi usiku.

Mdogo wangu na wenzake walifanya kitu kidogo Jumapili ya karibu na tarehe hiyo, kwenye bustani ya jiji. Mikeka, pilau, maandazi, sufuria la sambusa, na boksi moja la vitabu. Sharti lilikuwa kila mtoto asome ukurasa mmoja wa Kiswahili mbele ya watu, au asimulie. Watoto kama ishirini hivi. Wakenya, Wakongomani, Warundi, Watanzania, familia moja ya Kisomali.

Mambo yalikwenda vizuri mpaka aliposimama msichana wa miaka kama tisa, wazazi wake ni Wabembe wa Fizi. Hakusoma, alichagua kusimulia. Akaanza, "Kulikuwa batoto babili, banaenda ku mutoni." Upande wa mikeka yetu, sisi wa Tanzania, kikatoka kicheko. Si kikubwa. Kijana mmoja akamsahihisha kwa sauti: "Watoto wawili." Msichana akanyamaza. Akatazama chini. Mama yake akainuka kuja kumchukua.

Aliyeokoa siku ni bibi mmoja wa Mombasa, mwalimu mstaafu, aliyekuwa akikaanga sambusa na wala hakuacha kazi yake. Akasema, "Mwacheni mwanangu. Na nyinyi mkifika kwetu tutawacheka vivyo hivyo, maana huko pwani Kiswahili chenu cha bara twakisikia." Watu wakacheka tena, safari hii sote. Kisha akamwambia mtoto, "Haya mama, hao batoto babili, walikwenda mtoni kufanya nini?" Msichana akamaliza hadithi yake yote, ya ndugu wawili na kibuyu kilichosema, na mwisho alipigiwa makofi kuliko aliyesoma kitabu.

Nimelieleza hili kirefu kwa sababu naliona kila mahali. Watoto wa Kikongomani wanaacha Kiswahili si kwa sababu ya Kiingereza peke yake. Wanaacha kwa sababu wakikisema mbele yetu tunawacheka. Kiswahili cha Kivu na cha Katanga kinazungumzwa na mamilioni ya watu, kina nyimbo zake na ibada zake. Mtoto ajifunze sanifu kwa ajili ya kitabu, sawa, naunga mkono. Lakini asilipie sanifu kwa aibu.

Vitabu vyenyewe ndiyo shida. Boksi la siku ile lilikuwa na nakala kumi na saba, nyingi zilisafiri kwenye masanduku kutoka Dar es Salaam na Nairobi, zimekunjamana pembe. Mdogo wangu alikwishaomba maktaba yake inunue vingine. Ombi la namna hiyo hujazwa kwenye tovuti ya maktaba kwa dakika tano, na lina nguvu zaidi ukiandika jina kamili la kitabu, mwandishi na mchapishaji, kwa sababu mkutubi wa Ohio hawezi kukisia ni nani anayechapisha Kiswahili. Mwambie. Kwa watoto wadogo, African Storybook ina hadithi nyingi za Kiswahili zenye picha, bure, za kusoma kwenye simu au kuchapa kwenye karatasi. Tulizichapa sita kwenye printa ya maktaba, tukazibana kwa stepla, na watoto wakazipigania kana kwamba zimetoka dukani.

Buffalo

Buffalo shule hufungwa karibu na mwisho wa Juni na kufunguliwa Septemba, kwa hiyo kiangazi chao huanza wakati chetu cha Louisville kimeshafika nusu. Shemeji yangu anaishi upande wa magharibi wa mji, ambako wakimbizi wengi walipokelewa. Tawi lao ni la Isaías González-Soto, barabara ya Porter. Upande wa mashariki, barabara ya Jefferson, kuna tawi la Frank E. Merriweather Jr. lililofunguliwa mwaka 2006. Msanifu wake, Robert Traynham Coles, alilichora kwa kufuata kijiji cha Afrika, vyumba vya duara vimekaa pamoja. Mwanangu alizunguka nje mara mbili akasema ni kama picha za kwao bibi. Si kama Kigoma hata kidogo, lakini nani angembishia.

Maktaba kuu iko Lafayette Square, na humo mna hazina niliyotaka watoto waione: maandishi ya mkono ya Mark Twain ya riwaya ya Huckleberry Finn. Twain aliwahi kuwa mhariri wa gazeti mjini Buffalo, kati ya 1869 na 1871. Mwanasheria mmoja wa hapa, James Gluck, alimwomba aipe maktaba maandishi hayo. Mwaka 1885 Twain akatuma nusu ya pili tu, akidhani ya kwanza imepotea. Zaidi ya miaka mia baadaye, mwaka 1990, nusu ya kwanza ilionekana ndani ya sanduku la zamani huko Los Angeles, kwa wajukuu wa Gluck huyo huyo. Ikarudi Buffalo kukutana na mwenzake. Binti yangu alikaa mbele ya karatasi zile, zimejaa mikato na marekebisho, akasema, "Kumbe na yeye alikuwa anakosea."

Kila kiangazi maktaba za Buffalo na wilaya ya Erie huandaa mashindano yanayoitwa Battle of the Books. Timu za vijana kutoka matawi mbalimbali husoma vitabu vilevile, kisha mwezi Agosti hukutana kuulizana maswali kwa kengele na pointi. Mtoto wa shemeji, miaka kumi na tatu, alikuwa kwenye timu. Vitabu vyote ni vya Kiingereza, na hapo ndipo nilipoona kitu ambacho sijakiona Louisville wala Columbus.

Bibi yake, mama mzazi wa shemeji, hajui kusoma lugha yoyote. Miaka kumi na minane ya kambi, kabla ya hapo vita, kabla ya vita shamba. Kijana alihitaji mtu wa kufanyia mazoezi, na wazazi wako kazini. Basi kila jioni alikaa jikoni akimsimulia bibi sura alizosoma mchana, kwa Kiswahili, huku bibi anachambua mboga. Alianza kwa kutaka kukumbuka majina tu. Lakini bibi hakukubali majina. Aliuliza: Huyu baba alikwenda wapi? Alirudi? Kwa nini mtoto hakumwambia mama yake? Nani alimpikia siku hiyo? Kijana asipojua, anatumwa arudi kwenye kitabu akatafute. Nilikaa nao jioni mbili. Nasema kweli, maswali ya mkutubi niliyoyasikia kwenye mazoezi ya timu yalikuwa mepesi zaidi.

Kiswahili cha kijana kilikuwa kinachechemea mwanzoni, shemeji alisema. Alikosa neno la "mahakama", akakosa "urithi", akakosa "mapacha". Bibi akawa anampa neno moja moja, na yeye anayaandika pembeni ya daftari la mashindano. Nililiona daftari. Upande wa kushoto Kiingereza, kulia maneno ya bibi, kama arobaini hivi, mengine kwa matamshi ya Kivu.

Mwanangu wa miaka saba alikaa chini ya meza ile jioni zote mbili. Ya pili, bibi alipouliza kwa nini msichana wa kitabuni hakurudi kwao, ni yeye aliyejibu kutoka chini: "Aliogopa." Bibi akainama kumwona. "Aliogopa nini?" Wakaendelea wawili, kijana akasubiri na kitabu chake.

Mashindano yalikuwa Agosti, sisi tumeshaondoka na watoto wangu wamesharudi shule. Shemeji alinipigia simu jioni hiyo. Timu haikushinda, ilikosea maswali mawili ya mwisho. Kijana amelala mapema kwa hasira. Bibi, akasema, yuko jikoni anauliza vitabu vya mwaka ujao vinatangazwa lini.